Taa ya Upepo Isipowaka

Mfanyakazi anayeishi kata ya Nkuhungu, Dodoma, na kufanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, huwasha gari alfajiri, huitupia jicho dashibodi, haoni taa ya njano, anaondoka. Ameuamini ukimya wa taa. Ukimya huo una maana nne, na madereva wengi hushika moja tu. Huenda matairi yote yana upepo wa kutosha. Huenda moja limepungua vibaya lakini halijafika kiwango ambacho taa imepangiwa kuwaka. Huenda mfumo wa kufuatilia upepo ulishakufa na mtu akaifumba taa yake. Au huenda, na hapa ndipo lilipo kundi kubwa la magari ya kata hii, gari halikuwahi kuwa na mfumo huo tangu litoke kiwandani.

Maana ya kwanza pekee ndiyo inayomruhusu mtu kushika barabara ya Singida bila wasiwasi. Hizo nyingine tatu zinataka geji mkononi na dakika chache za uangalifu. Zinataka pia kuelewa mambo mawili ambayo vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine huyapita haraka: mwinuko wa Dodoma, na tofauti kati ya alfajiri zetu na alasiri zetu.

Nkuhungu ina sababu zake za kuhitaji taa hii. Mitaa mingi ya ndani ni vumbi na mchanga. Ujenzi haujatulia tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na kila nyumba inayoinuka huacha misumari na vipande vya waya wa kufungia nondo njiani. Ukitoka kidogo nje ya makazi unakutana na miiba ya migunga. Mwiba au msumari mdogo ukiingia kwenye tairi lisilo na tyubu, mara nyingi haulipasui. Hubaki umejichomeka, raba ikaubana, na upepo ukatoka kidogo kidogo kwa siku tatu, nne, wiki. Kwa uvujaji wa namna hiyo mfumo wa kufuatilia upepo hauna mpinzani, maana unaona kile ambacho jicho halioni. Matairi ya siku hizi, yenye nyaya za chuma chini ya kashata, hukaa yamebonyea kidogo ubavuni hata yakiwa sawasawa. Tairi la psi 24 na lile la psi 32 ukiyaweka bega kwa bega, watu wengi watashindwa kusema lipi limepungua. Teke la kiatu nalo halisemi kitu.

Hatari ya tairi lililopungua imo ndani ya ubavu wake. Kila linapozunguka, ubavu hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko huzaa joto. Upepo ukiwa mdogo, mkunjo unazidi na joto linazidi. Weka juu yake lami ya mchana wa Oktoba, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, abiria saba kwenye Noah na magunia ya karanga nyuma, na raba inaanza kuachana na nyaya zake. Tairi linalopasuka karibu na Manyoni huenda lilianza kufa siku tatu kabla, likiwa limeegeshwa uani.

Mfumo huu ulifanywa kuwa lazima kwa sababu ya matairi yaliyokufa hivyohivyo, kwenye joto. Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Kashata zilikuwa zikibanduka gari likiwa kasini, na gari likipinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha hitilafu hizo na vifo 271. Ajali zilikithiri kwenye majimbo yenye joto kama Texas, Florida na Arizona, na malalamiko yalikwishasikika Saudia na Venezuela kabla Wamarekani hawajashtuka. Mjadala ukagusa pia upepo wenyewe: Ford ilikuwa imependekeza psi 26 tu kwa gari hilo zito, kiwango kisichoacha nafasi ya kupungua. Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoagiza magari yawe na njia ya kumwonya dereva, na kufikia Septemba 2007 magari madogo yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa nayo. Ulaya ikafuata: tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa humo lina mfumo huo. Korea Kusini na China nazo zikaweka sharti.

Japani haikufuata njia hiyo, na huko ndiko zilikotoka IST, Vitz, Passo, Noah na Harrier zinazojaa mitaa yetu. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwaka 2005 halina taa ya upepo isipokuwa kama mtengenezaji aliamua mwenyewe kuiweka. Magari yenye matairi yanayoweza kutembea bila upepo ni kundi moja la yaliyowekewa, kwa sababu dereva wake asingejua kwamba ameishiwa. Hata sheria yetu ina umri wake. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, na Porsche 959, linalotajwa kuwa gari la kwanza la abiria kuja na mfumo huu, lilitoka mwaka 1986. Tusishangae basi kwamba taa ya upepo imeingia nchini kwa bahati, gari kwa gari, kulingana na mahali lilikonunuliwa: Land Rover iliyotoka Uingereza inayo, Toyota ya jirani haina, na Mazda ya mtaa wa pili huenda inayo ila mwenyewe hajui.

Kuna njia mbili za kiufundi, na ni lazima mtu ajue yake ni ipi kabla ya kuuliza lolote jingine.

Ya kwanza huweka sensa ndani ya kila tairi, kwa kawaida ikiwa imeshikana na vali ya kujazia upepo. Sensa hupima shinikizo na joto, kisha hutuma taarifa kwa redio pamoja na namba yake ya utambulisho, ili kompyuta ya gari isichanganye tairi lako na la gari lililoegeshwa kando. Nyingi hulala gari likisimama na kuamka magurudumu yakizunguka. Zinatumia betri ndogo iliyofungiwa moja kwa moja ndani ya plastiki. Inadumu miaka 5 hadi 10, na ikiisha hununui betri, unanunua sensa. Sasa fikiria gari linaloshushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na miaka 9. Limefika na betri zake zikiwa ukingoni, tena zote nne kwa pamoja. Mwenye gari akiagiza sensa mpya lazima ajue pia masafa yake: magari ya Marekani na Japani hutumia zaidi megahezi 315, ya Ulaya 433. Sensa ya Ulaya kwenye gari la Japani itakaa rimuni, itatuma ujumbe wake kwa uaminifu, na gari halitasikia neno.

Njia ya pili haina sensa yoyote ndani ya tairi. Inaazima macho ya breki za ABS, ambazo tayari zinahesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi likipungua upepo, kimo chake kutoka ekseli hadi lami hushuka kidogo, hivyo inabidi lizunguke mara nyingi zaidi kumaliza kilomita ileile. Kompyuta inaona gurudumu moja linaenda haraka kuliko wenzake na kuwasha taa. Hakuna betri ya kuisha wala kifaa cha kuvunjika kwenye kijiwe cha pancha. Lakini mfumo huo hauijui psi, unalinganisha tu. Matairi yote manne yakipungua kwa kiasi kimoja, mingi ya aina hii haioni tofauti ya kuripoti. Na hilo ndilo linalotokea kwa gari lisilojazwa upepo kwa miezi kadhaa, kwa sababu tairi zima kabisa nalo hupoteza takribani psi 1 kwa mwezi kwa kupenyeza kwenye raba.

Mfumo huu wa pili una kitufe, au kipengele kwenye menyu ya dashibodi, cha kuuambia: kuanzia sasa, hii ndiyo hali sahihi. Hubonyezwa baada ya matairi kupimwa na kujazwa sawasawa, au baada ya kubadilishwa. Madereva wengi wamekigeuza kuwa kitufe cha kuzimia taa. Taa inawaka, anabonyeza, taa inazimika, anaendelea na safari. Alichofanya ni kuifundisha kompyuta kwamba tairi la psi 22 ndilo tairi zima, na tangu hapo itasubiri lipungue tena kutoka hapo ndipo iseme. Katika makosa yote ya mfumo huu, naliona hili kuwa baya kuliko betri iliyokufa. Betri iliyokufa angalau huleta taa ya kulalamika. Kitufe kilichobonyezwa vibaya huleta ukimya unaofanana kabisa na usalama.

Hata mfumo mzima una ukimya wake uliopangwa. Kanuni ya Marekani inataka taa iwake tairi likipungua asilimia 25 chini ya kiwango cha kiwanda. Ya Ulaya ni asilimia 20. Kwa gari la psi 32, hizo ni psi 24 na karibu psi 26. Kati ya 32 na 24 kuna eneo pana ambamo tairi linachakaa pembeni, linakula mafuta na kupata joto, na taa haijavunja masharti yoyote kwa kunyamaza. Waliotunga kanuni walitaka onyo la hatari, na hawakutaka taa iwake kwa kila badiliko la hali ya hewa hadi watu waipuuze. Uamuzi huo una mantiki. Lakini una maana kwamba taa haikuundwa kuchukua nafasi ya geji hata pale ilikobuniwa.

Sasa tuje kwenye uwanda wetu wenyewe. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje hapa inasukuma kwa nguvu ya karibu psi 12.9, wakati Dar es Salaam inasukuma kwa psi 14.7. Geji husoma tofauti kati ya shinikizo la ndani ya tairi na la nje. Kwa hiyo tairi lililojazwa psi 32 kule Ubungo, likifika Nkuhungu na kupoa hadi joto lilelile, litasoma karibu psi 34 bila mtu kuliongeza. Aliyejaza 32 hapa akateremka pwani atapimwa huko na kukutwa na 30. Hakuna fundi aliyemwibia.

Mwinuko huohuo unazaa ubishi mwingine kati ya dashibodi na geji. Sensa iliyofungiwa ndani ya tairi haiijui hewa ya nje. Inapima shinikizo lote lililomo ndani, halafu kompyuta inatoa sehemu ya hewa ya nje. Baadhi ya magari hutoa kiasi halisi cha mahali yalipo. Mengine hutoa kile cha usawa wa bahari popote yanapokwenda, na gari la namna hiyo likiwa Dodoma huonyesha kama psi 2 chini ya geji iliyo sahihi. Mwenye gari akiona 30 kwenye kioo na 32 kwenye geji, kwenye matairi yote manne, asikimbilie kununua sensa. Tofauti inayolingana kwenye matairi yote ni ya mwinuko. Tofauti ya tairi moja peke yake ndiyo ya kufuatilia.

Joto lina hesabu yake. Kwa tairi la kawaida la gari dogo, kila nyuzijoto 10 za Selsiasi hubadilisha upepo kwa takribani psi 1.5. Alfajiri za Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, wakati alasiri za miezi ya joto hupita 30. Chukua tairi lililojazwa psi 32 alasiri ya Machi, hewa ikiwa nyuzi 29, likaachwa hadi alfajiri ya Julai. Baridi imelichukulia zaidi ya psi 2, kupenyeza kwa miezi minne kumechukua nyingine 4, limebaki na 26 hivi. Ongeza mwiba mdogo au asubuhi yenye baridi kuliko kawaida, taa inawaka. Jua likipanda na gari likitembea, matairi yanapata joto, psi zinarudi juu, taa inazimika saa nne. Dereva anahitimisha kwamba taa ni mbovu. Taa ilisema kweli asubuhi, na tairi bado limepungua mchana; joto tu limelifunika.

Kwa sababu hiyohiyo kiwango cha kiwanda huhesabiwa kwa tairi baridi, yaani gari lililokaa saa tatu au zaidi bila kutembea. Tairi lililotoka safarini linaweza kuwa limepanda psi 4. Ukifika kijiweni ukitokea Bahi, geji ikasoma 36, na fundi kwa nia njema akapunguza hadi 32, kesho alfajiri utaamka na 28. Fundi hakukosea kusoma. Saa ya kupima ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kijiwe cha pancha kinastahili kuangaliwa kwa haki, kwa sababu mifumo mingi hufia hapo na mafundi hulaumiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyewafundisha. Sensa inakaa nyuma ya vali, ndani ya rimu, mahali haswa ambapo chuma cha kubandulia tairi hupita. Fundi asiyejua kwamba ipo huiponda kwa pigo moja. Dawa ya pancha inayomiminwa ndani ya tairi inaweza kuziba kitundu cha sensa ikabaki kusoma uongo. Halafu kuna tyubu. Rimu ikipinda kwa mashimo na kuvuja ukingoni, suluhisho letu la siku zote ni kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu. Vali ya tyubu inahitaji tundu lilelile la rimu, kwa hiyo sensa inang'olewa, inawekwa kwenye boksi la glavu au inatupwa. Gari linaitafuta, halisikii, linawasha taa.

Na linaiwasha kwa namna yake. Kwenye magari yaliyofuata kanuni ya Marekani, na mengi ya Ulaya, taa inayowaka na kutulia inasema tairi limepungua. Taa inayopepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha ikabaki imewaka, inasema mfumo wenyewe ni mgonjwa: sensa imekosekana, betri imeisha, au umefunga tairi la spea lisilo na sensa. Watu wachache huitambua tofauti hiyo, na bado ndiyo inayoamua kama unakwenda kwa fundi pancha au kwa fundi mwenye mashine ya kusomea sensa. Asiyeitambua huishia kwenye mazungumzo niliyoyasikia vijiweni zaidi ya kimoja: "Bosi, hii taa inakusumbua bure, nikutolee?" Na bosi aliyechoka kuitazama anajibu, "Itoe tu, fundi." Inazibwa kwa utepe mweusi, au inazimwa kwenye kompyuta. Gari linauzwa mwaka unaofuata, na mnunuzi anarithi dashibodi safi.

Mnunuzi huyo ana kipimo cha bure. Zungusha ufunguo, au bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Kwenye gari lenye mfumo, alama ya tairi lililokatwa kama kiatu cha farasi, lenye alama ya mshangao katikati, huwaka sekunde chache pamoja na taa za breki na mifuko ya hewa, kisha huzimika. Ikiwaka na kuzimika, mfumo upo na taa yake ni nzima. Isipotokea kabisa, gari halina mfumo au mtu ameifumba. Kulitatua hilo, tazama vali za magurudumu: ya chuma yenye nati chini yake ni dalili ya sensa ndani, ingawa zipo sensa zenye vali za raba. Tafuta kitufe chenye alama ileile chini ya usukani, pekua menyu, soma kitabu cha gari. Dalili za mfumo zikiwapo na taa haitokei, muulize muuzaji swali la moja kwa moja, na ushushe bei kwa gharama ya sensa nne.

Anayetaka kuhakikisha kwamba mfumo unasema kweli afanye jaribio lenyewe, asubuhi, karibu na kompresa, mahali pasipo na msongamano. Kwanza pima matairi yote yakiwa baridi na uyajaze kwa kiwango cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali: 220 ni psi 32, 230 ni zaidi kidogo ya 33, 250 ni 36. Usifuate namba ya juu kabisa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, maana hiyo ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Kama mfumo ni wa kulinganisha mizunguko, bonyeza kitufe sasa, wakati wa halali wa kukibonyeza, uendeshe muda wa kutosha ujifunze. Kisha punguza tairi moja hadi psi 22, uende polepole, kilomita 40 kwa saa zinatosha. Sensa za ndani huripoti ndani ya dakika chache. Ule wa kulinganisha huchukua zaidi. Ukizunguka robo saa hadi dakika 20 bila taa, mfumo huo usiutegemee hata ukionekana mzima. Rudisha upepo kabla ya safari yoyote.

Jaribio lote linasimama juu ya geji, na geji za kompresa zetu nyingi zimeanguka chini mara zisizohesabika. Nunua yako, iache garini, na siku moja moja ilinganishe na nyingine mbili. Zikikubaliana mbili, ya tatu ndiyo mbovu. Nina imani kubwa na geji ndogo ya mfukoni kuliko na kifaa kingine chochote kilichotajwa humu, na sioni gari ambalo mwenye nalo anashindwa kuimudu.

Kwa magari yasiyo na mfumo kabisa, madukani kuna seti za sensa zinazofungwa kama vifuniko vya vali, pamoja na kioo kidogo cha kuweka juu ya dashibodi kinachochajiwa na jua. Zinafanya kazi, na kwa anayekwenda Kondoa au Iringa kila wiki nazipendekeza. Zina faida moja hata juu ya mfumo wa kiwandani: unapanga mwenyewe kiwango cha kengele. Nisingekiacha kwenye asilimia 25. Kwa psi 32 ningeweka 28. Udhaifu wake ni uzito juu ya vali za raba zilizozeeka, mchanga kwenye nyuzi za vifuniko, na wezi wa usiku, ambao kuwazuia kunahitaji nati ya kubania na bado huwazuii wote.

Mbali na magari madogo kuna hatari kubwa zaidi isiyo na taa yoyote. Barabara ya Singida hupitisha malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ilibuniwa kwa sehemu kuyaondoa katikati ya jiji. Lori hubeba matairi pacha, na hapo jicho hudanganyika kabisa: moja likiishiwa upepo, mwenzake hulibeba, linakaa limesimama kama zima huku likiungua kwa ndani. Utingo hupita akiyagonga kwa nondo na kusikiliza mlio. Ni ustadi wa kweli, unaogundua tairi lililokufa, lakini hauwezi kutenganisha psi 110 na psi 80. Ulaya yenyewe ilianza kudai mfumo huu kwa malori, matrela na mabasi mwaka 2022 kwa aina mpya, na Julai 2024 kwa yote mapya, kwa hiyo malori yaliyotumika tunayoyapokea kutoka huko yatachelewa miaka mingi kuja nao. Basi la abiria linalotoka Dodoma leo linafuatiliwa mwendo wake na LATRA kupitia kifaa cha kielektroniki, kilomita kwa kilomita. Matairi yanayobeba mwendo huo hayafuatiliwi na mtu isipokuwa wafanyakazi wa basi, wakikumbuka.

Uingereza ilifanya jambo dogo ambalo tungeweza kuliiga bila gharama. Tangu Januari 2015 ukaguzi wake wa kila mwaka hutazama taa ya upepo kwenye magari yaliyoanza kutumika kuanzia Januari 2012, na inayoonyesha kwamba mfumo ni mbovu hulifelisha gari. Kudai mfumo kwenye IST ya mwaka 2004 ni kumwonea mwenye nalo. Lakini gari lililokuja na taa hiyo lingeweza kutakiwa liithibitishe. Askari wa usalama barabarani anayekagua magari kabla ya kutoa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hahitaji mashine kufanya hivyo. Anahitaji dereva azungushe ufunguo, wote wawili waitazame dashibodi kwa sekunde tano, na geji moja kwa ajili ya magari ambayo hayana cha kuonyesha. Kwa mabasi na malori, kipimo cha kila tairi, pacha la ndani likiwemo, kiandikwe kwenye karatasi ya safari kabla ya gari kutoka, matairi yakiwa baridi, na jina la aliyepima liwe chini yake.